Serikali na Picha za Sinema: Nani Alipwe, na kwa Masharti Gani?

Mwaka 2015 watu wa kampuni ya Disney ya Marekani walifika Katwe, ndani ya Makindye yetu, wakasimamisha taa zao na kamera zao, na mwaka 2016 picha waliyoipiga ikaonyeshwa duniani kwa jina la Queen of Katwe. Wasomaji wengi wa gazeti hili waijua, na wengine wameiona zaidi ya mara moja. Ni habari za Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyefundishwa mchezo wa sataranji na Bwana Robert Katende mpaka akaiwakilisha nchi yake ng'ambo. Aliyeigiza mahali pake ni Madina Nalwanga, msichana wa papa hapa Kampala, ambaye kabla ya hapo hakuwa ameigiza katika picha yo yote. Twajivunia jambo hilo, na ni haki yetu kujivunia.

Lakini yako mambo mawili ambayo watu huyapita mbio wakisimulia habari hiyo. La kwanza, si kazi yote iliyofanywa Kampala; sehemu yake ilifanywa Johannesburg. La pili, Serikali ya Afrika ya Kusini tangu mwaka 2004 ina mpango wa kuwarudishia watengenezaji wa picha sehemu ya fedha wanazozitumia katika nchi ile. Mtu anayeendesha kazi ya mamilioni ya dola hawezi kukosa kuyaweka mambo hayo mawili pamoja katika daftari lake la hesabu.

Basi nia yangu katika kurasa hizi chache za Kiswahili ni kuuliza swali moja. Je, yafaa Serikali yetu nayo itoe fedha za umma ili picha za sinema na za televisheni zipigwe hapa? Mimi nasema yafaa. Lakini nasema hivyo kwa masharti ambayo wengi wa wanaolisifu jambo hili hawapendi kuyataja, na bila masharti hayo afadhali fedha zikae katika Hazina.

Tazameni habari za Entebbe. Usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 Julai 1976 askari wa Israeli walishuka katika uwanja wetu wa ndege kuwaokoa watu waliotekwa, na tangu siku hiyo dunia nzima yalijua jina la Entebbe. Picha za kwanza juu ya kisa hicho zilitoka mwaka 1976 na 1977, Amin angali anatawala, na hakuna awezaye kuwalaumu waliozipiga kwa kutokuja hapa. Lakini mwaka 2018 ilitoka nyingine iitwayo 7 Days in Entebbe. Mwaka huo Amin alikuwa amekwisha kufa miaka 15. Entebbe ipo, ziwa lipo, hata jengo la zamani la abiria bado limesimama. Je, uwanja wa ndege ulioonekana katika picha ile ulikuwa wapi? Ulikuwa Malta! Malta ni kisiwa ambacho, pamoja na visiwa vyake vidogo, kina kilomita za mraba 316 tu, yaani hakifiki Kampala mbili. Hakina ziwa wala hakina matoke, lakini kina sheria ya kumrudishia mtengenezaji wa picha kama robo ya gharama zake, na baadaye waliongeza hata ikafika 40 kwa mia.

Wala si Uganda peke yake iliyopatwa na jambo la namna hiyo. Simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa Reli ya Uganda mwaka 1898 ni hadithi ya Kenya, na mtoto wa Mombasa au wa Voi huisikia kwa babu yake. Picha kubwa ya hadithi hiyo, The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, ilipigwa zaidi Afrika ya Kusini, na yasemekana sababu ilikuwa sheria za kodi. Hadithi ni yetu, mfupa ni wetu, nyama wamekula wengine.

Sasa nieleze kazi yenyewe inavyokwenda, maana watu hubishana juu yake bila kuijua. Tuchukue hesabu ya darasani. Kampuni yaja Uganda na kutumia shilingi bilioni 4: kwa hoteli, motokaa, mbao, chakula, ujira wa mafundi na waigizaji. Kazi ikiisha, mkaguzi wa hesabu hupitia stakabadhi zote, na kama sheria yasema robo, Serikali huirudishia kampuni bilioni 1. Hiyo ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote. Iko nyingine, ipendwayo na baadhi ya majimbo ya Marekani: badala ya fedha taslimu, kampuni hupewa hati ya kupunguziwa kodi, na kwa kuwa mara nyingi haina kodi kubwa ya kulipa katika jimbo lile, huruhusiwa kuiuza hati hiyo kwa tajiri mwingine mwenye kodi. Jimbo la Georgia huongeza tena 10 kwa mia kama mwishoni mwa picha itaonyeshwa alama ya jimbo, nayo ni tunda la pichi. (Sisi tungeweka korongo wetu mwenye taji, bila shaka.) Nchi nyingine husamehe ushuru wa kamera na taa, na nyingine huweka mfuko ambao watengenezaji wa nyumbani huomba msaada.

Je, ile bilioni 1 hurudi Hazina? Hapa ndipo watetezi wa jambo hili huanza kupaka rangi ukuta wenye nyufa. Husema: watu watapata kazi, watanunua vitu, vitu vitatozwa kodi, na kodi itairudisha bilioni yetu na faida juu yake. Fanyeni hesabu wenyewe. Kodi ya VAT kwetu ni 18 kwa mia. Hata kama kila shilingi ya zile bilioni 4 ingetozwa VAT, hatungepata robo. Na kwa kweli mama apikaye chakula Kabalagala hatozi VAT, wala kijana wa bodaboda, wala fundi cherehani wa Kibuye, nao ndio watu ambao fedha hizo huwafikia kwanza. Zitapatikana na kodi nyingine katika mishahara, ndiyo, lakini pengo halitazibwa.

Marekani wamekwisha kulijaribu jambo hili kabla yetu. Louisiana ilianza kwa nguvu mwaka 2002, na baada yake majimbo yakashindana kama wachuuzi wa soko moja, kila mmoja akipunguza bei kuliko mwenzake. Michigan ilipitisha sheria yake mwaka 2008, ikaahidi mpaka 42 kwa mia. Kwa miaka michache watu mashuhuri walionekana Detroit. Kisha wenye kuangalia hesabu za jimbo wakaonyesha kwamba kwa kila dola iliyotolewa ni senti chache tu zilizorudi kwa njia ya kodi, na mwaka 2015 mpango ukafutwa. Watengenezaji walikwenda zao, kwa maana hawakuja kwa kuipenda Michigan. Walikuja kwa ile 42.

Basi mzazi wa Namuwongo, ambaye mvua ikinyesha maji huingia mpaka kitandani, ana haki ya kuuliza: kwa nini kodi yangu apewe tajiri wa Hollywood, na mtoto wangu anakaa watatu kwa dawati moja? Swali hilo si la ujinga, na sitalijibu kwa maneno matamu ya utalii. Kama jibu letu ni kwamba fedha zitarudi kwa kodi, tutakuwa tunamdanganya mzazi huyo. Jibu la kweli ni lazima liwe jingine: kwamba fedha hizi ni karo. Twalipa ili tufundishwe. Na mtu alipaye karo hutazama kama mwanafunzi anafundishwa kweli, au anafagia tu uwanja wa chuo.

Miaka ya nyuma tumefagia uwanja mno. Mwaka 1951 John Huston alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga picha ya The African Queen, huko Kongo na kwetu Uganda, Butiaba na karibu na maporomoko ya Murchison. Ilikuwa kazi kubwa. Watu wetu walibeba mizigo, walipiga makasia, walionekana kwa mbali nyuma ya wakubwa. Kisha? Hata mashua yenyewe iliyotumika imekwenda zake: siku hizi iko Key Largo, katika Florida, yachukua watalii. Hatukubakiwa na mashua wala na fundi.

Serikali ya Tanganyika ilitenda zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 iliwaita watu wa kampuni moja ya Johannesburg, African Film Productions, watengeneze picha kwa lugha ya Kiswahili kwa ajili ya wananchi. Moja ya picha hizo ni Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, na aliyeigiza ndani yake ni kijana mmoja aliyesoma Tabora, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hapana ubaya kabisa shule ikitoa Waziri Mkuu! Lakini kampuni ilirudi Johannesburg na kamera zake na mafundi wake, na ujuzi wa kupanga taa na kukata filamu ukarudi nao. Serikali ilinunua picha. Haikununua ujuzi.

Sasa linganisheni na kisa cha Lupita Nyong'o. Picha ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipigwa Kenya kwa sehemu kubwa. Katika kundi la wafanya kazi alikuwamo msichana huyu, si mwigizaji, bali mtumwa wa huku na huko, wa kupeleka karatasi na kuita watu. Huko alikutana na waigizaji wakubwa, akaona kazi yao kwa karibu, akapata moyo wa kusema nia yake. Mwaka 2014 alipewa Oscar. Mwaka uliofuata alikuwa Kampala akiigiza mama wa Phiona katika Queen of Katwe. Nani angeweza kuandika faida hiyo katika daftari la kodi? Lakini kumbukeni kwamba bahati ya Lupita ilikuwa bahati. Hakuna sheria iliyosema awepo pale. Mimi nataka sheria iseme.

Kwa hiyo sharti langu kubwa ni hili: asirudishiwe mtu fedha kwa ajili ya kuajiri walinzi na wapishi tu. Kila idara ya kazi, ya kamera, ya taa, ya sauti, ya mavazi, ya kukata picha, ya hesabu, iwe na Waganda wa kujifunza, wenye majina yaliyoandikwa kabla ya kazi kuanza, na mwisho wa kazi kila mmoja aulizwe amejifunza nini. Wasiofanya hivyo wapate kidogo au wasipate kabisa. Wala hili si geni duniani. Ireland, ambayo huwapa watengenezaji msamaha mkubwa wa kodi, huwataka waonyeshe mpango wa kuwafundisha watu kazi. Kama Ireland yaweza kuwaambia Wamarekani maneno hayo, nasi twaweza. Hapa kwetu iko Maisha, aliyoianzisha Mira Nair mwaka 2004 kuwafundisha vijana wa Afrika ya Mashariki kuandika na kutengeneza picha, kwa hiyo si kwamba hakuna mahali pa kuwatafuta wanafunzi.

Sharti jingine ni kipimo. Nchi nyingi husema: hupati kitu mpaka utumie fedha kadhaa na kadhaa, na kiasi chenyewe ni kikubwa. Kwa mgeni ni sawa. Lakini fikirini juu ya Bwana Nabwana wa Wakaliga, ng'ambo ile ya Rubaga. Mwaka 2010 alitengeneza Who Killed Captain Alex?, na husemwa haikumgharimu hata dola 200. Bunduki zilikuwa za vyuma chakavu na mbao, kompyuta aliiunganisha mwenyewe, na leo watu wa Ulaya na Marekani huja kumtazama kama watu wanavyokwenda Bwindi kutazama sokwe. Au mfikirieni Loukman Ali, ambaye picha yake The Girl in the Yellow Jumper ilikuwa ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix, mwezi wa Desemba 2021. Sheria ambayo mlango wake umewekwa juu sana itampitisha Disney na kumgongesha kichwa Nabwana. Huo utakuwa mchezo wa ajabu: Mganda alipe kodi ili mgeni arudishiwe, na yeye mwenyewe asifikie kizingiti. Naona yafaa ziwe ngazi mbili, moja ya wageni na moja ya nyumbani, na ile ya nyumbani iwe chini kiasi cha kufikiwa na kijana wa Lukuli mwenye kamera moja.

Tena fedha zilipwe baada ya kazi, si kabla, na ziwepo kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wafanya kazi wa sinema wa Afrika ya Kusini waliandamana mpaka Bungeni, Cape Town, kwa kuwa Serikali ilikuwa imechelewa mno kulipa ilichoahidi, na kazi zilikuwa zimepungua. Nchi ile ni tajiri kuliko sisi. Ahadi ya 40 kwa mia isiyolipwa yafukuza watu kuliko ahadi ya 15 inayolipwa siku ile ile. Kuna na misaada isiyoigharimu Hazina hata senti: meza moja ambayo mtengenezaji atapata ruhusa zote, ya barabara, ya polisi, ya mbuga za wanyama, badala ya kupanda ngazi za ofisi sita.

Nimebakiza jambo moja ambalo watu hulinong'ona. Serikali ilipayo ndiyo pia iliyoshika mkasi. Kwetu Uganda, tume ya mawasiliano, UCC, ndiyo iliyoanzisha tamasha la filamu la kila mwaka tangu 2013, na imewasaidia watengenezaji kwa mafunzo na fedha, na kwa hayo twaishukuru. Lakini tume hiyo hiyo ndiyo iangaliayo yanayoonyeshwa. Mkono mmoja una mkate, wa pili una kiboko. Kenya waliona shida yake mwaka 2018: picha ya Rafiki ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, na wakati huo huo bodi ya nyumbani iliipiga marufuku, mpaka mahakama ikairuhusu ionyeshwe kwa siku 7. Kila msomaji ana maoni yake juu ya picha ile, na sitayaingilia. Nisemalo ni kwamba aamuaye nani alipwe asiwe yule yule aamuaye nani anyamazishwe. Vinginevyo, vijana wetu wataandika hadithi za kumpendeza karani. Picha ya The Last King of Scotland ilipigwa Uganda kwa ruhusa na msaada wa Serikali, ikatoka mwaka 2006, na ilionyesha mateso ya siku za Amin bila kuyafunika. Sisi tukaao Makindye, ambako kambi ya jeshi ilijulikana wakati ule kwa mambo yasiyosemeka, twajua kwamba hadithi kama hizo haziandikwi kwa hofu. Lakini Amin alikuwa mtawala aliyeondoka. Tungependa kujua kama hadithi ya mambo ya leo ingepata msaada ule ule.

Juu ya lugha nitasema kidogo tu, ingawa najua wenzangu wa kurasa za Kiingereza watanicheka. Picha ya Kiganda hupendwa Kampala, na wafasiri wetu wa vibandani, wale VJ, hata picha ya Kichina huigeuza ikawa habari ya Kalerwe. Hiyo ni sanaa, na isidharauliwe. Lakini mwenye kutaka watazamaji kutoka Mombasa mpaka Kisangani ana lugha moja ya kuwafikia, nayo ndiyo hii tunayoandikiana hapa. Mfuko wo wote utakaowekwa utenge fungu kwa picha za Kiswahili zitengenezwazo Uganda. Bongo wasiachiwe soko lote.

Najua kwamba baadhi ya wanafunzi wa zamani wa shule yetu wako katika Wizara ya Fedha na katika mamlaka ya kodi, na wengine ni mawakili. Ningependa mmoja wao ajibu katika toleo lijalo, kwa hesabu, si kwa hotuba. Atwambie Serikali yaweza kutenga kiasi gani kwa mwaka bila kugusa fedha za shule, na kama kanuni ya kumwandika mwanafunzi katika kila idara yaweza kuingia katika sheria, au itakuwa barua ya kuombaomba tu. Mhariri amekubali kumwachia kurasa mbili.